Mkono Juu ya Komeo

Mwalimu Tupokigwe alikuwa mwanamke nadhifu. Waliomfahamu kwao Mbeya tangu usichana wake wanasema hata alipokwenda kuchuma majani ya maboga alijitengeneza kama anayekwenda kanisani. Alipomaliza chuo cha ualimu alipelekwa upande wa Iringa, kwenye shule ya misheni ya wasichana iliyojengwa juu ya mgongo wa mlima, mbali kidogo na Nyololo, mahali ambapo basi lilimshusha yeye na sanduku lake la bati. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mwanamke Mwafrika anayefundisha Kiingereza alikuwa kitu cha kutazamwa. Siku za Jumapili wazazi walisimama nje ya kanisa ili tu wamsikie akizungumza na Sista Mkuu, kisha wakaondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao.

Kiingereza hicho alikipata kwa taabu. Alikililia. Alikilalia njaa. Kwa hiyo alikilinda kama mtu anavyolinda shamba lililopakana na msitu wenye nyani: kila aliyesogea, alimshuku kwanza.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mwezi wa saba, baridi kali lakini jua limetoka. Wasichana walikuwa wameanika sketi zao uani, maharage yanatokota jikoni, na kutoka bondeni zilisikika sauti za wachuma chai wakiitana. Darasa la nane lilikuwa na kazi ya kutunga hadithi kwa Kiingereza. Mwalimu Tupokigwe aliwaambia wiki iliyotangulia, "Tungeni hadithi ya kutia hofu, ambayo msikilizaji hawezi kuubashiri mwisho wake kabla hamjamfikisha." Leo kila mmoja angesimama mbele, asome aliyoyatunga, na mwalimu angempa alama palepale mbele ya wenzake.

Wakasoma. Mmoja alikuwa na fisi anayeongea. Mwingine alikuwa na mwizi wa kuku ambaye mwishowe aligundulika kuwa ni mjomba, na darasa likacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Yule wa fisi, Evarista, msichana mnene mwenye sauti nzuri ya kuimba, alisoma kwa kujikwaa akapata alama za wastani, akarudi mahali pake akiwa amefurahi hata hivyo.

Kisha akasimama Paskalina.

Paskalina Kalinga alikaa dirishani, pamoja na Evarista. Alikuwa mwembamba, mkimya, hana viatu. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake alilima viazi na maua ya pareto ng'ambo ya matuta mawili matatu kutoka shuleni. Darasani hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Mwalimu Tupokigwe hakuwa amepata kumsikia akisema Kiingereza zaidi ya ndiyo na hapana.

Alipoanza kusoma, darasa zima likanyamaza.

Ilikuwa hadithi ya mjane aliyekaa peke yake mlimani. Mtoto wake wa pekee yuko mbali. Mchana mmoja ukungu ukashuka, ukaifunika nyumba hata mjane asiweze kuuona ua wake mwenyewe. Ndipo akasikia mtu anaita nje, kwa sauti ya mwanawe: Mama, nifungulie, nasikia baridi. Mjane akajua mwanawe hawezi kuwa pale. Sauti ikaita tena. Maneno yalitoka kinywani mwa Paskalina laini, bila kujikwaa, kwa Kiingereza ambacho hata Sista Mkuu asingekuwa na la kukosoa. Wasichana wa mbele walikuwa wamekumbatiana.

"Yule mama akainuka," Paskalina alisoma, "akaweka mkono juu ya komeo, na..."

"Basi!"

Mwalimu Tupokigwe alikuwa amesimama. Kuna kitu kilimchoma kifuani, na alipokuja kukifikiria baadaye alijua jina lake, lakini saa ile alidhani ni haki.

"Nani amekuandikia?"

"Ni yangu, Mwalimu."

"Nakuuliza nani amekuandikia? Mzungu wa mashamba ya chai?"

Darasa likacheka. Paskalina akatazama chini, akatazama juu. "Ni yangu, Mwalimu," akasema tena, polepole. "Sijafika mwisho."

"Sifuri. Kaa chini."

Akakaa chini. Hakulia. Wakati wa chakula cha mchana alimnong'oneza Evarista, "Naenda kumleta mama. Mama anaijua hadithi hii. Atamwambia Mwalimu kuwa ni yangu." Akatia daftari kifuani, akapita nyuma ya jiko, akaruka ua wa miti, akashika njia ya mianzi. Jua lilikuwa bado linawaka. Lakini milima ile haina ahadi. Muda si muda ukungu ukapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka, na nyuma yake manyunyu, na baridi inayoingia mpaka kwenye meno.

Walioamkia kuchuma pareto kesho yake ndio waliomkuta. Alikuwa amejikunja kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yake, magoti kidevuni, amelowa chapachapa, daftari kifuani limegeuka uji, amekufa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walipougonga sana mama akaja kufungua. Moto wake ulikuwa umezimika zamani. Hakupiga yowe. Alimtazama mwanawe kizingitini, akakaa palepale chini, na hakusema neno hata walipomzika.

Watu walisema labda mama alikuwa amelewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, akalala. Wengine walimtazama tu kwa jicho la pembeni.

Mwalimu Tupokigwe alikwenda maziko akasimama nyuma kabisa, leso mkononi. Alingoja yule mama amtazame. Hakumtazama.

Zikapita wiki kadhaa. Shule ina tabia ya kusahau. Kengele hulia, wasichana hupanga mstari. Alama za hadithi zilikuwa bado hazijakamilika, kwa sababu siku ile mwalimu alikuwa ameahirisha waliobaki. Sista Mkuu akazitaka. Basi mchana mmoja Mwalimu Tupokigwe akasema wataendelea, na waliopata wastani wanaruhusiwa kusoma upya ili waongeze. Evarista akawa wa kwanza kusimama. Alikuwa ameitengeneza hadithi yake ya fisi.

Nje, ukungu ulikuwa umefika madirishani.

Evarista akaanza vizuri. Fisi akaja, fisi akaongea. Halafu akasita. Akameza mate. Alipofungua kinywa tena, hakujikwaa. Sauti ilikuwa yake, ile nzuri ya kuimba, lakini maneno yaliteleza laini, na macho yake hayakuwa yakitazama alichokishika. Yalitazama mlango wa darasa.

Mjane alikaa peke yake mlimani. Mtoto wake wa pekee yuko mbali.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Tupokigwe alitaka kusema basi, lakini neno hilo safari hii lilimkwama. Alisikiliza mpaka kwenye sauti inayoita nje. Alisikiliza mpaka mjane anainuka.

"Akaweka mkono juu ya komeo," Evarista alisema, "na..."

Akanyamaza. Akashika koo. Machozi yakaanza kumtoka. Kinywa kilikuwa wazi, ulimi unacheza, lakini kilichotoka ni lile neno moja dogo la Kiingereza, tena na tena, kama mlango unaogongwa na upepo. Na. Na. Na.

Walimpeleka kwa Sista wa dawa, wakamfanya asukutue kwa maji ya moto ya chumvi, wakamfunga kitambaa shingoni. Hakuna kilichosaidia. Evarista hakuweza kusema jina lake. Hakuweza kusali. Alipojitahidi sana, ndipo neno lile lilipotoka.

Siku iliyofuata yenye ukungu, Apolonia, wa darasa lilelile, aliitwa ubaoni kutamka miezi ya mwaka kwa Kiingereza. Akafika Machi. Baada ya Machi akaja mjane. Naye akaishia kwenye komeo.

Kisha msichana mwingine, akiwa anasoma somo kanisani. Kisha mwingine, akiwa anahesabu vikombe jikoni. Daktari kutoka Iringa mjini alikuja na gari, akawamulika kooni kwa tochi, akasema makoo ni mazima. Sista Mkuu akafunga madirisha yote, akaamuru wasichana wasizungumze Kiingereza mpaka atakapotoa ruhusa. Lakini bwenini, ukungu uliposhuka mchana, wale mabubu walikaa vitandani wakiwa wameelekea upande mmoja, upande wa njia ya mianzi, midomo ikicheza pamoja. Na. Na. Na.

Wazazi wakaja. Baba yake Evarista, mzee Liberatus, alikuwa mtu mpole aliyefuga nyuki na hakuwahi kugombana na mtu. Alimshika binti yake kichwani, akamwambia, "Niite baba. Niite tu." Evarista akamtazama, akajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Likatoka lile neno. Mzee Liberatus akageuka ukutani, mabega yakamtikisika.

Jioni ile Mwalimu Tupokigwe aliwapita wanaume wamesimama nyuma ya kanisa. Walishusha sauti walipomwona, lakini alisikia vya kutosha.

"Ni yule mama," mmoja alinong'ona. "Alimla mwanawe, sasa anawala wa wenzake."

"Keshokutwa, baada ya misa," alijibu mzee Liberatus, na sauti yake haikuwa ya mtu mpole tena. "Nyumba ile tuichome. Atoke au asitoke."

Mwalimu Tupokigwe aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Alijua yeye peke yake, katika mlima mzima, ni nani aliyeikata hadithi ile hapo ilipokatikia. Alijaribu kuimalizia mwenyewe. Alisimama mbele ya kioo, akasema kwa Kiingereza chake kizuri, akaweka mkono juu ya komeo, na... na akafungua. Na akakimbia. Na akaanguka. Kila mwisho alioutoa ulisikika kama uongo. Kila aliponyamaza, aliona kioo kimejaa jasho la baridi, ingawa alikuwa amesimama mbali nacho.

Kulipokucha aliomba ruhusa. Akavaa viatu vizito, akajitanda shuka, akashika njia ya mianzi.

Njia ilipita katikati ya mashamba ya chai, ikateremka kwenye kijito, ikapanda matuta yaliyolimwa viazi. Jua lilimchoma mgongoni. Watu aliowauliza njia walimwonyesha kwa kidevu bila kumtazama usoni. Nyumba yenyewe ilikuwa peke yake juu kabisa, ya matofali mabichi na paa la nyasi, na mlango wa mbao zilizochongwa kwa mkono. Pareto ilikuwa imechanua mpaka ukutani, maua meupe yamepitwa na wakati wa kuchumwa. Kizingitini palikuwa pamefagiliwa safi sana, kama mtu alifagia hapo kila saa.

"Kamwene," Mwalimu Tupokigwe aliita, kwa salamu ya watu wa huko.

"Kamwene," sauti ilijibu kutoka ndani. "Kama ni mtu, sukuma. Mchana wa jua mlango haufungwi."

Mama yake Paskalina hakuwa mzee kama alivyoonekana makaburini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, blanketi mabegani. Alimwonyesha mgeni kigoda kingine. Akampa kiazi cha kuchoma. Mwalimu Tupokigwe alikishika, kikamwunguza vidole, hakujua la kukifanyia.

"Mimi ndiye mwalimu wake wa Kiingereza," alisema.

"Nakujua. Alikupenda. Alikuwa akitembea hapa ndani kama wewe, shingo juu." Yule mama akatabasamu kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Hadithi yake. Ulimpa alama ngapi?"

Mwalimu Tupokigwe alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa laana. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa.

"Sikumpa kitu," akasema. "Nilisema si yake. Nilimkatiza, nikamwambia akae chini."

Moto ulilia kidogo. Yule mama alitikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu muda mrefu na sasa kaonyeshwa kilipo.

"Kumbe ndiyo maana alikuja."

"Alikuwa anakuja kukuita wewe. Useme kwamba ni yake."

"Ni yake. Kiingereza alikinyonya pamoja na maziwa. Nilikuwa yaya kwa Mzungu wa chai, kabla baba yake hajafa. Watoto wale wa Kizungu ndio waliokuwa wenzake wa kucheza, mpaka walipopelekwa kwao kusoma. Baada ya hapo alikuwa akiongea peke yake shambani, asikisahau." Akasukuma kuni. "Na hadithi yenyewe niliianza mimi, likizo. Ni maonyo ya mama yangu. Sisi tuliambiwa, ukiwa peke yako, ukungu umeshuka, ukasikia anakuita mtu ambaye unajua yuko mbali, usifungue. Si yeye. Ni wachawi wanaotembea na sauti za watu. Ukifungua wanakuchukua."

Akajikaza blanketi mabegani. Aliposema tena ilibidi Mwalimu Tupokigwe ainame ili amsikie.

"Nilimsikia, mwalimu."

"Nani?"

"Mwanangu. Siku ile. Sikuwa nimelewa, sikuwa nimelala. Alikuja hapo, akasema, mama, nifungulie, nasikia baridi. Mimi najua yuko shule. Nikasema moyoni, leo wamenijia. Nikazima moto wasione mwanga. Nikakaa palepale ulipokaa. Aliita sana, mwalimu. Aliita mpaka sauti ikawa ndogo. Nami nasali ili iondoke. Na ilipoondoka nikamshukuru Mungu."

Kiazi kilianguka kutoka mkononi mwa Mwalimu Tupokigwe. Hakuna aliyekiokota.

"Wenzake hawasemi," alinong'ona Mwalimu Tupokigwe. "Wote wanakwama pale nilipomkatiza. Na kesho watu wanakuja kukuchomea nyumba. Ondoka, mama. Au kama unajua mwisho wa ile hadithi, niambie."

Yule mama akainua kichwa. Hakumtazama mgeni. Alitazama nje ya mlango uliokuwa wazi, na Mwalimu Tupokigwe akageuka naye akaona.

Shamba la viazi halikuwapo. Kijito hakikuwapo. Ukungu ulikuwa umefika kwenye pareto, na maua meupe yalikuwa yakizimika moja baada ya jingine.

"Funga," yule mama akasema. "Haraka. Anakuja kila ukungu unaposhuka."

Mwalimu Tupokigwe alifunga. Akasukuma komeo. Nyumba ikawa giza, umebaki wekundu wa moto. Wakakaa. Paa lilidondosha maji. Kuku waliokuwa wakiparua nyuma ya nyumba walinyamaza wote kwa pamoja.

Halafu nyayo. Nyepesi. Za mtu asiye na viatu, kwenye udongo uliolowa. Zikaja mpaka kizingitini. Zikasimama.

"Mama."

Mwalimu Tupokigwe aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti iliyomwambia, ni yangu, Mwalimu, sijafika mwisho.

"Mama, nifungulie. Nasikia baridi."

Yule mama alikuwa amejifunika blanketi kichwani.

"Mwisho wake," Mwalimu Tupokigwe alimnong'oneza sikioni. "Alikuambia?"

"Nilimkataza asiutunge hivyo." Meno yalikuwa yakigongana. "Alinicheka. Akasema, katika hadithi yangu mama atafungua. Nikamwuliza, na akifungua? Akasema, atamkuta mwanawe. Hakuna mchawi. Ni mwanawe tu, amelowa."

"Mama, nifungulie."

"Mfungulie."

"Siwezi. Nimekosa miguu. Nitamtazamaje?"

Mwalimu Tupokigwe akainuka.

Hakuwa jasiri. Alisema hivyo mwenyewe mpaka uzeeni, kwamba hakuna siku aliyoogopa kama ile, na kwamba angekuwa na pa kukimbilia angekimbia. Akapiga hatua. Akaweka mkono juu ya komeo. Mbao zilikuwa za baridi kama chuma cha alfajiri. Upande wa pili mtu alikuwa anapumua.

Akafungua.

Nje palikuwa peupe tupu. Hakuna mtu. Hakuna uso. Ukungu ulisimama mlangoni kama ukuta.

"Paskalina," alisema. Alisema kwa Kiingereza, lugha aliyomkatiza nayo. "Pita ndani. Malizia hadithi yako."

Kitu kikaingia katika kiganja chake cha kulia. Kidogo. Kimelowa. Kina vidole.

Hakukiona. Alipotazama, aliona mkono wake mwenyewe tu, umenyooshwa kwenye hewa. Lakini vidole vile vilikishika kiganja chake kwa nguvu, kama mtoto anavyomshika mtu mzima mahali pa kuteleza, na baridi yake ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu Tupokigwe akageuka. Akatembea kuelekea kwenye moto. Kwenye udongo mkavu wa sakafu, kando ya viatu vyake, zilijichora nyayo ndogo za maji. Moja. Nyingine. Nyingine.

Mbele ya kigoda vile vidole vikamwachia.

Yule mama alikuwa ameshusha blanketi. Macho yake yalikuwa yametazama chini kidogo, kwenye kimo cha msichana mwembamba. Uso wake ukavunjika. Akafungua mikono, blanketi kama mbawa.

"Umelowa, mwanangu," akasema. "Tazama ulivyolowa."

Akalifunga blanketi. Na Mwalimu Tupokigwe, aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kuligusa, aliona halikulala juu ya kifua cha yule mama. Lilikuwa limevimba mbele, limejaa, lina mgongo na mabega. Yule mama aliyapapasa mabega hayo, akayasugua, akalia sasa kilio ambacho hakukilia makaburini, na kati ya kilio alikuwa akiitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mama. Ni yako. Nimemwambia. Ni yako."

Ilichukua muda gani, hakujua. Moto uliinuka wenyewe. Nje kuku mmoja akaanza kuparua. Ukungu ulipoinuka na jua kurudi mlangoni, blanketi likashuka taratibu, taratibu, mpaka likalala juu ya magoti ya yule mama, tupu. Lilikuwa linavuja maji.

Mwalimu Tupokigwe alirudi shuleni mchana huohuo kwa mwendo wa kukimbia. Kabla hajafika langoni alisikia kelele za wasichana, na katikati ya kelele hizo mtu anaimba. Evarista alikuwa amesimama kwenye ngazi za bweni, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote, analia na kucheka. Apolonia alikuwa akiitaja tena na tena miezi ya mwaka, yote kumi na miwili, kama anayehesabu fedha.

"Mwalimu," Evarista alimwambia, akimshika shuka, "nilikuwa na baridi hapa kooni. Kama mtu kakaa. Sasa hakuna."

Mzee Liberatus alikuja na wenzake siku waliyoipanga, wakamkuta binti yake anamngoja langoni. Alipomwita baba, mzee yule alipiga magoti njiani. Nyumba ya mlimani haikuguswa. Mama yake Paskalina aliishi huko miaka mingine mingi, akilima pareto yake, na waliopita wakati wa ukungu wanasema mlango wake ulikuwa wazi daima, hata manyunyu yanapoingia ndani.

Mwalimu Tupokigwe aliwasimulia darasa la nane yaliyotokea, bila kujificha. Akawapa na hadithi ya Paskalina mpaka mwisho, kwa kinywa chake, akatamka alama. Zilikuwa zote. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanalia. Mwisho wa mwaka aliomba ahamishwe, akarudi kwao Mbeya, akafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Wanafunzi wake wa Mbeya wanamkumbuka kwa jambo moja: mtoto akianza kusema, hata aseme upuuzi, hakumkatiza.

Lakini mkono wake wa kulia haukupata joto tena. Aliuotea moto, akauvika soksi, akaukanda kwa mafuta ya ng'ombe. Wapi. Waliomwamkia walishtuka wakauachia, kwa hiyo alizoea kuwapa watu kifundo cha mkono, kama mwanamke aliyetoka kukanda unga, na wageni walidhani wamemkuta anapika. Hakuolewa. Alikaa na Tusajigwe, mtoto wa kaka yake, katika nyumba ndogo karibu na Mwanjelwa, na ni Tusajigwe aliyesimulia haya.

Tusajigwe ndiye pia aliyeosha mwili wake. Shangazi alifariki usingizini, na hadi walipokuja kumtazama alikuwa amekwisha kukakamaa, baridi miguu, baridi paji la uso, kama ilivyo desturi ya wafu. Wanawake walipofika kwenye mkono wa kulia wakaacha kuosha.

Ulikuwa na joto. Si vuguvugu, joto, kama mkono wa mtu aliyekaa na moto jioni nzima. Vidole vilikuwa vimekunjwa, lakini havikufumba ngumi. Vilikuwa vimeacha nafasi katikati, nafasi ya kutosha kiganja cha mtoto.

Walijaribu kuvinyoosha, vikakataa. Walimzika hivyohivyo.